Ufunguo wa Leipzig bado ninao. Nirudi Ujerumani kuwaona marafiki?

Kwako Mama Mshauri,

Shikamoo. Nimeisoma safu yako miaka mingi bila kuandika. Leo nimeshindwa kujizuia.

Nilisoma shahada ya uzamili Leipzig, Ujerumani. Kwa miaka miwili nilikaa nyumba moja na wenzangu wanne, kila mtu na chumba chake, jiko moja, bafu moja, na ratiba ya usafi iliyobandikwa kwenye friji na kuheshimiwa kama sheria ya nchi. Nyumba za namna hiyo wenyewe huziita WG. Nilifika simjui mtu. Siku ya kuondoka nililia kwenye treni mpaka mkata tiketi akaniuliza kama naumwa. Ni miaka tisa sasa.

Kundi letu la simu lipo hadi leo. Daktari (ndivyo nitakavyomwita) anaishi Hamburg. Mama Pacha kabaki Leipzig. Seremala, aliyeacha falsafa akaenda kujifunza kuranda mbao, yuko Freiburg, kule kusini. Kila Desemba mmoja wetu huandika "jamani, lazima tuonane," wote tunaweka alama za moyo, inaishia hapo. Mwaka huu nikasema mimi ndiye nitakayekwenda. Nimedunduliza euro 2,600 kwa miaka minne. Nataka kukaa wiki tano katika kiangazi, nigawe siku sawa kwa kila mmoja.

Nilipotangaza, Daktari alijibu "Itakuwa vizuri sana!" Seremala akatuma kikatuni cha mtu anayerukaruka. Mama Pacha alinyamaza siku tatu, kisha akaandika: "Tutaangalia kalenda." Hakuna aliyesema karibu kwangu. Mume wangu alipoona hayo akaniuliza, "Marafiki gani hao, miaka tisa hakuna hata mmoja aliyewahi kuja huku?" Nilimkasirikia kwa sababu sikuwa na jibu.

Daktari alijitolea kuniandikia barua ya mwaliko kwa ajili ya viza, akanitumia rasimu niisome. Imeandikwa "rafiki yangu, mhadhiri wa chuo kikuu." Moyo ulinidunda. Niliporudi nyumbani nilipata kweli mkataba wa muhula mmoja chuoni, nikawatangazia kwa furaha. Muhula ukaisha, mkataba ukaisha, sikuwaambia. Tangu hapo nafundisha kwenye kituo cha lugha, nalipwa kwa saa. Sikutunga uongo, Mama. Ulikuwa ukweli uliokwisha muda wake nikaendelea kuutumia. Mwenzangu mmoja ananishauri nimwombe Daktari aniwekee dhamana rasmi huko kwao, eti kwa kipato changu hiki bila hiyo sipati viza.

Na sasa yule wa nne. Yeye ndiye aliyekuwa na mkataba wa nyumba, sisi wengine tulipanga chini yake. Mwaka ule tulitawanyika wote na nyumba ikarudishwa kwa mwenyewe. Ufunguo mmoja ukakosekana. Mimi niliuona kwenye mfuko wa koti nikiwa tayari uwanja wa ndege. Alipouliza kwenye kundi ni nani anao, nikaandika "sijui." Niliona aibu, na nilidhani ni ufunguo tu. Mwenye nyumba akakata euro 380 kwenye amana yake, kwa madai kwamba inabidi kubadilisha vitasa. Alizibeba peke yake. Mwaka mmoja baadaye nilituma picha ya meza yangu ya kazi, na ule ufunguo ulikuwa pale kwenye kishikio cha funguo zangu, na utepe wake mwekundu. Jioni ile alitoka kwenye kundi bila neno. Sijui kama aliuona. Wenzangu wanadhani ana mambo mengi tu.

Bado yuko Leipzig. Nimefikiria nimgongee mlango bila taarifa, niuweke ufunguo mkononi mwake, nimwombe radhi uso kwa uso.

Niende au niache? Daktari nimwombe dhamana? Na huyu wa nne nifanyeje?

Mwenye Ufunguo

*

Marahaba, mwanangu.

Nenda. Lakini si wiki tano, na si kabla ya kulipa.

Nianze na yale majibu yaliyokuuma, maana naona umekaa mbali na nyumba ile hadi umesahau namna wenyewe wanavyosema. Katika majibu matatu uliyopata, lenye uzito ni la Mama Pacha. Mjerumani anayekwambia ataangalia kalenda ameshaanza kukupangia siku. Huyo ana watoto wawili, pengine wa shule, na likizo za shule Ujerumani hupangwa kila jimbo na tarehe zake, kwa zamu, ili nchi nzima isimiminike barabarani siku moja. Likizo ya kiangazi ya Saxony, jimbo la Leipzig, na ya Hamburg haziendi sambamba. Wewe umemwambia "kiangazi, wiki tano." Ajibu nini hapo? Hukumpa tarehe, umempa majira ya mwaka.

Mwandikie kila mmoja peke yake, nje ya kundi, na umpe siku. "Nitakuwa Leipzig kuanzia Ijumaa tarehe hii hadi Jumanne. Ningependa tuonane. Nilale kwako usiku miwili, au nitafute hosteli? Lolote utakalosema ni sawa kwangu." Na liwe sawa kweli. Kuna mtu anayekupenda kwa dhati lakini ana kitanda kimoja na bosi mkali. Ukumbuke pia kwamba Kijerumani kina neno la rafiki na neno la mtu unayefahamiana naye tu, na wenyewe hawayachanganyi. Kama walikuita *Freundin*, yaani rafiki, mbele za watu, hawakukupaka mafuta.

Wiki tano zina kasoro nyingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hao rafiki zako hawana shamba la kukupa jembe ulime. Wanakwenda kazini saa moja asubuhi. Utabaki peke yako kwenye chumba cha mtu huko Freiburg ukihesabu nyufa za dari, huku saa zako za kufundisha zinapotea nyumbani bila malipo. Wiki mbili zinatosha. Na usizigawe sawasawa kama urithi. Leipzig upe siku nyingi, kwa sababu nitakazokuja kuzieleza.

Profesa mmoja wa mawasiliano wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, alichunguza inachukua muda gani watu kuwa marafiki, akakadiria kwamba mtu kuwa rafiki wa karibu huhitaji saa zaidi ya 200 za kuwa pamoja. Nyinyi mlilala nyumba moja miaka miwili mkigombea bafu. Saa mnazo za kumwaga. Kwa hiyo usiende kutafuta mazungumzo mazito, wala usipange ile karamu kubwa ya kukutana wote ambapo kila mtu anatoa taarifa ya miaka tisa kwa dakika kumi. Nilishaikalia meza kama hiyo. Tulipigana picha nyingi, tukacheka sana, na nikarudi hotelini nikiwa sijui hata mmoja wao analala saa ngapi siku hizi. Bora ufagie vumbi la mbao kwenye karakana ya Seremala. Nenda na Mama Pacha kuwachukua watoto. Na kama jua litawaka, nendeni Cospuden, lile ziwa la kusini mwa mji ambalo zamani lilikuwa shimo la makaa ya mawe na likafunguliwa kwa watu mwaka 2000. Sijui mwanafunzi aliyeishi Leipzig bila kwenda kuogelea pale.

Mtaa wenu, hata hivyo, usiutarajie. Leipzig ilikuwa maarufu kwa vyumba vya bei ndogo, na sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Watu wamefurika, mji umevuka wakazi laki sita, kodi zimepanda. Huenda kwenye mlango wenu sasa kuna majina matano ya watu usiowajua. Upite mara moja, uutazame, uondoke. Mimi kwenye mji wangu wa zamani nilipoteza siku ya kwanza nzima nikipiga picha jengo ambalo hakuna aliyenijua ndani yake, huku mtu aliyenijua akinisubiri vituo vitatu mbele.

Swali la mume wako ni la haki, na lilikuuma kwa sababu hukuwahi kujiuliza. Hao wana pasipoti zinazowafungulia karibu kila mlango na mishahara isiyolipwa kwa saa, halafu anayedunduliza miaka minne ni wewe. Usiende na mzani mkononi, lakini ukiwa huko waulize, bila kununa: lini mnakuja? Pengine hawajaja kwa sababu hukuwahi kuwaita. Na pengine hukuwaita kwa sababu wangefika wakakuta hakuna mhadhiri.

Hapo ndipo viza na aibu yako zinakutana. Fomu ya viza ya Schengen, ile ya matembezi ya Ujerumani na nchi jirani zake, inakuuliza kazi yako ya sasa na jina la mwajiri. Wewe utaandika kituo cha lugha, kwa sababu barua ya mwajiri na taarifa za benki zitasema hivyo hivyo. Barua ya Daktari itasema mhadhiri wa chuo kikuu. Karani anayesoma faili zako hajui kwamba ni ukweli uliokwisha muda. Anaona karatasi mbili zinazopingana, na mmoja wenu kadanganya. Zamani ukinyimwa viza ya Ujerumani uliweza kuwaandikia ubalozi malalamiko wakaangalia upya bila malipo. Utaratibu huo uliondolewa duniani kote tangu 1 Julai 2025. Siku hizi ni kwenda mahakamani Berlin au kuomba upya na kulipa tena euro 90, na zile za mwanzo hazirudi. Huna nafasi ya faili lenye mawaa.

Kwa hiyo mwambie Daktari kabla hajasaini. Huhitaji hotuba. "Ile kazi ya chuo iliisha baada ya muhula mmoja, niliona haya kusema. Nafundisha kituo cha lugha. Tafadhali rekebisha barua." Anayeishi na wagonjwa hospitalini ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Dhamana rasmi usimwombe. Nadhani anayekushauri hajui anachokisema. Hiyo si barua ya kirafiki. Mwenyeji hufika mwenyewe kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha hati za mshahara, analipa euro 29, na anasaini kwamba atabeba gharama zako zote za kuishi, za matibabu, hata za kurudishwa kwenu ikibidi. Kisheria anaweza kudaiwa kwa muda wa miaka 5. Umeshamwachia rafiki mmoja mzigo wa gharama zako, usimtafute wa pili.

Tena dhamana ile hujibu swali moja tu kati ya mawili ya ubalozi, yaani nani atalipa. Hilo wewe unaweza kulijibu mwenyewe. Akiba yako kwa wiki mbili, ukiwa na mahali pa kulala kwa watu, ni hoja nzuri, mradi fedha zionekane zimeingia polepole, si zilizotumbukizwa wiki ya mwisho. Swali la pili ni kama utarudi, na hapo saini ya Daktari haikusaidii kitu. Kwa mtu wa malipo ya saa hilo ndilo gumu. Peleka barua ya kituo inayotaja vipindi vyako na tarehe unayotakiwa kurejea darasani. Peleka cheti cha ndoa. Na kuna karata ambayo hukuitaja kabisa: uliwahi kuishi kule miaka miwili kwa kibali halali, ukamaliza masomo, ukaondoka kwa wakati. Itafute pasipoti ya zamani, utoe nakala ya viza na kibali, uviweke juu ya faili. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, lakini foleni ya kupata miadi ndiyo huua watu, basi omba miadi mapema. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000.

Sasa ufunguo.

Najua kwa nini unautaka ule mlango. Ni picha nzuri: umesafiri bara zima, unanyoosha mkono, utepe mwekundu, machozi. Lakini itazame kutoka upande wa ndani. Mtu yuko kwake jioni, kengele inalia, anafungua na kumkuta aliyemdanganya miaka tisa iliyopita, begi mgongoni, anasubiri kusamehewa. Atafanya nini? Akufungie mlango usoni? Unamnyima hata nafasi ya kukasirika. Katika nchi ambayo mtu humpigia simu hata mama yake kabla ya kumtembelea, huo si mshangao, ni uvamizi.

Dawa ya deni kulipa, na dawa hiyo inanywewa hukohuko uliko. Toa euro 380 kwenye zile 2,600. Ndiyo, kwenye hizo hizo za safari. Ndiyo maana nilikupunguzia wiki tatu. Namba ya akaunti yake unayo, ulikuwa ukimlipa kodi kila mwezi, ipo mahali kwenye barua pepe za zamani. Lakini andika kwanza, fedha zifuate, zisije zikaonekana kama rushwa au kosa la benki. Andika hivi, kwa maneno yako: ufunguo ninao mimi, niliuona siku ileile uwanja wa ndege, ulipouliza nilisema sijui nikiwa najua. Ulikatwa 380 kwa ajili yangu. Nataka kukurudishia, niambie kama akaunti ni ileile. Basi. Neno "lakini" lisiwemo. Habari za aibu yako zisiwemo, hazimsaidii. Na usitaje kwamba unakuja Leipzig. Ukitaja, ataona unanunua kikombe cha kahawa kwa euro 380.

Utaniuliza kama mwenye nyumba alikuwa na haki ya kukata. Labda hakuwa nayo. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua mwaka 2014 kwamba mpangaji aliyepoteza ufunguo halipishwi gharama za mfumo wa vitasa kama vitasa havikubadilishwa kweli. Lakini hiyo kesi ilikuwa ya rafiki yako na mwenye nyumba, na angeweza kuipigania vizuri kama angejua ufunguo uko wapi. Wewe ulikuwa unajua.

Je, aliuona kwenye picha? Mimi nadhani aliuona. Huenda hakuuona. Mwandikie kama aliyeuona.

Kuna utafiti wa Peggy Liu na wenzake, uliotoka 2022, unaosema watu hukadiria kwa uchache mno furaha anayoipata rafiki wa zamani akitafutwa ghafla. Unatia moyo, nami nawapa wengi wanaoniandikia. Kwako nautoa nusu. Haukuwa na watu waliodanganyana kuhusu vitasa. Anaweza kukujibu kwa ukurasa mzima, anaweza kuandika "asante, akaunti ni ileile," anaweza asijibu kabisa. Asipojibu, mpe wiki tatu, kisha tuma fedha kwa akaunti unayoijua na usimwandikie mara ya pili. Akijibu kwa ukunjufu na mkazungumza mara mbili tatu, hapo ndipo utasema, kwa sentensi moja, kwamba tarehe fulani utakuwa mjini. Atakayesema tuonane ni yeye. Siku za ziada nilizokutengea Leipzig ni za hilo, na kama hatasema, Mama Pacha ana watoto wawili wa kuchukuliwa shuleni.

Wenzako watatu uwaambie au usiwaambie? Usiwaambie kabla yeye hajajua. Baada ya hapo waambie, tena kwenye kundi, palepale ulipoandika "sijui." Mtu ameonekana kwa miaka minane kama aliyewachoka wenzake, na si kweli.

Ufunguo wenyewe uutoe kwenye kishikio leo. Uweke kwenye bahasha, uende nao. Haufungui kitu tena, lakini si wako.

Jambo la mwisho ni dogo. Kwa kuhama kati ya Hamburg, Leipzig na Freiburg utashawishika kukata ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023. Inafaa kwa tramu, mabasi na treni za mikoa tu. Zile za kasi za ICE hazimo, na Leipzig hadi Freiburg kwa treni za mikoa ni siku nzima ya kubadilisha behewa, basi safari hiyo ndefu nunua tiketi ya kasi mapema ikiwa bado rahisi. Ukiichukua hiyo ya mwezi, jua kwamba ni ya kujirudia: usipoikatisha kabla ya tarehe 10, mwezi unaofuata wanakukata tena, nawe umesharudi darasani.